Nilifunga Simu ya Upepo Nikingoja Mvua

Mhariri, jina langu usiliandike. Watu wa Mosocho watanijua tu kwa haya nitakayosema, na wakinijua, sawa. Lakini sitaki kuliona jina la marehemu baba yangu limekaa chini ya jambo hili.

Nimekosa. Naanzia hapo, sina mahali pa kuzungukia. Nilimuua binti yangu bila kumgusa. Watu waliambiwa mtambo uliharibika. Waliambiwa na mimi. Haikuwa kweli.

Kiswahili changu mkivumilie. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mengine nilifundishwa na mashamba ya chai kule Kericho na maduka ya Wahindi mjini Kisii. Nilianza kwa kubeba ndizi kichwani. Nikapata mkokoteni, nikapata pikapu ya kubeba majani chai. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hayo nilikuwa nikiyasema kwenye harusi, kwenye matanga, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Mtu wa namna hiyo akinunua kitu anataka kionekane. Mimi nilinunua simu ya upepo.

Mmeiona kwa polisi. Sanduku moja, na maiki yenye kidude pembeni. Ukibonyeza kidude unasema, ukiachia unasikia. Yote mawili kwa pamoja haiwezekani. Na nyinyi wote mlio kwenye njia moja ya hewani, mmoja akibonyeza, wengine mnakuwa mabubu. Mnamsikia yeye tu. Mhindi wa duka la vyuma mjini aliyeniuzia, sisi tulimwita Bhai, alinifundisha siku ya kwanza akinionyesha kwa vidole: "Mzee, sema. Achia. Ngoja. Sikia. Basi. Hapana kitu ingine."

Tulikuwa wachache kwenye njia yetu. Bhai, Kisii mjini. Mimi hapa Mosocho, na sanduku jingine ndani ya pikapu, ambayo ilishinda Nyacheki kwenye kituo cha kupimia majani chai pamoja na dereva wangu, Nyangau. Karani mmoja wa ghala la mahindi kule Nyamira, mtu wa mzaha. Na kliniki ndogo ya misheni, Nyacheki.

Ile ya kliniki niliinunua mimi. Si kwa huruma. Binti yangu alikuwa ameolewa huko, na kazi yake ilikuwa kukaa pale mlangoni akiandika kadi za wagonjwa. Nitamwita Moraa. Kitinda mimba wangu. Nilitaka kumsikia.

Kwetu, baba na binti wana heshima yao. Chinsoni, tunaiita. Akishaolewa, kuna maneno hayapiti kati yenu. Humuulizi habari za mwili wake, wala mimba, wala lini. Hayo ni ya mama yake. Basi mimi na Moraa tukawa tunaongea juu ya mawingu.

Kila jioni kabla ya kufunga kliniki, Sista Bosibori, muuguzi wa pale, alimpa maiki, naye ananiita Tata, yaani baba. "Tata, huku Nyacheki upepo umegeuka, unatoka upande wa ziwa. Umekunywa chai?" Basi. Lakini kwa jinsi alivyolitamka neno upepo, nilijua kama amechoka au amelala vizuri.

Mwaka ule mvua ilikataa.

Mnatujua sisi. Kisii bila mvua ni kama mtu bila ngozi. Mchana jua, alasiri radi, mvua ya mawe inachana majani chai, na kila mwaka utasikia ng'ombe wa fulani amepigwa, au mwenyewe. Ndiyo maana Bhai alituonya: ukisikia radi, hata ikiwa mbali, zima simu, chomoa waya wa juu. Miaka mingine simu zetu zilikuwa zimezimwa kila alasiri. Mwaka ule radi haikuja. Anga lilikaa kimya kama nyumba ya watu waliogombana. Migomba ikainama. Majani chai yakawa machache, pikapu ikakaa bure. Na simu zetu zikawaka kutwa nzima, na sisi hatuna kazi.

Ndipo tukawa mafundi wa mbingu.

"Nyamira, sema."

"Hapa kuna kawingu kamoja, Mzee. Kadogo kama kofia ya padri. Kanatuangalia tu."

"Kisii?"

"Kisii hapana wingu. Mkebe yangu ya kupima mvua, mjusi nalala ndani."

"Mimi huku siafu wanahamisha mayai. Kesho kutwa mvua."

"Siafu wako walihama juma jana pia, Mzee," karani akasema. "Hao wanatafuta nyumba ya kupanga."

Halafu Moraa, anacheka kwanza ndipo anaongea: "Tata, waambie siafu waje huku. Kuna vyumba."

Nawaambia, nilizeeka nikiwa na furaha ile. Mashamba yanakufa na mimi nangoja jioni kama mtoto. Mungu anisamehe.

Tumbo la Moraa lilipokuwa kubwa, mume wake alikuja kuniona. Nitamwita Ombati. Mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae.

"Baba, Sista anasema ni vizuri Moraa akae karibu na hospitali kubwa mpaka wakati wake. Dada yangu ana chumba Kisii. Nilikuwa nafikiri nimpeleke."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja, Baba."

"Cha kupanga."

"Ndiyo, Baba."

Nikacheka. "Mwalimu, nina pikapu imesimama hapo hapo karibu na kliniki yenu. Nina simu, kliniki ina simu, pikapu ina simu. Neno moja, na Nyangau amefika kabla Sista hajavaa viatu. Sasa binti yangu akajibane kwa nini kwenye chumba cha watu?"

Ombati akaangalia chini. Mtu aliyeoa kwako habishani na wewe, hiyo ndiyo adabu yetu. Akasema, "Sawa, Baba."

Sikumshinda kwa akili. Nilimshinda kwa adabu yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Karani alikuwa ameanzisha mchezo. Atakayetangaza mvua ya kwanza ataitwa Mkubwa wa Mbingu, na sisi wengine tutamsalimia hivyo mpaka mwaka uishe. Siku moja akapiga kelele hewani: "Tone! Limenipiga shingoni! Mimi ndiye Mkubwa!" Na nyuma yake tukasikia sauti ya mke wake: "Mvua gani, ni mimi nimemwaga maji ya vyombo." Tulicheka mpaka Bhai akakohoa.

Bhai akasema, "Hapana, maneno tupu mimi kataa. Nataka sikia mvua yenyewe, juu ya mabati. Hapo mimi kubali."

Neno hilo likaniingia. Nikasema, mabati ya Mosocho ndiyo yatasikika. Mimi, ambaye barua ya serikali ya Kiingereza nasomewa, nitaitwa Mkubwa wa Mbingu na karani na Mhindi.

Alasiri moja wingu lilipanda juu ya kilima cha Manga. Si kawingu. Wingu lenye tumbo jeusi, na harufu ya vumbi inayokuja kabla ya mvua, ile ambayo ng'ombe wanainua vichwa kuinusa. Siku mbili hizo Moraa hakuwa amesikika hewani. Mama yake aliniambia tu kwamba ameambiwa apumzike. Sikuuliza zaidi, kwa heshima. Leo najiuliza, heshima ile ilikuwa ya nani.

Nilichukua maiki. Nikasema, "Mosocho hapa. Nyamazeni wote. Leo mtasikia."

Kisha nikachukua mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha kwenye maiki mara kadhaa, nikakifunga kile kidude kikiwa kimebonyezwa. Nikavuta waya mpaka nje, nikaitundika maiki kwenye ukingo wa mabati. Nikasimama uwanjani nikaangalia juu.

Mke wangu akatoka jikoni. "Baba Moraa, hicho kitu kinaning'inia hapo ni nini?"

"Nataka watu wasikie mvua yangu."

"Mvua yako," akasema. Akatingisha kichwa, akaanza kuita kuku waingie ndani kabla ya mvua.

Majirani wakaja kwenye ua. Jirani mmoja mzee akasema hii ni mvua ya mawe, mwingine akasema hapana, ni mvua ya kupandia. Mimi nikawaambia wanyamaze, wanaharibu. Upepo ukapita kwenye migomba mikavu. Nikafikiri, hata huo wanausikia. Nikafikiri karani amenuna. Nilijisikia mkubwa, jamani. Nilisimama pale mikono nyuma kama chifu.

Wingu likasimama juu yetu. Likakaa. Halafu likaanza kuteleza, polepole, likaelekea ziwani, likaenda kuwanyeshea Waluo. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Mimi nikabaki. Nilikataa kuingia. Nilisema ngoja kidogo, litarudi, wingu kama hilo haliendi hivyo. Chai aliyonitolea mke wangu ilipoa nikiwa bado nimesimama.

Ndipo nikaichukua maiki, na aibu imenijaa, nikifikiria maneno ya mzaha ya kuwaambia. Nikaufungua ule mpira. Kidude kikaruka juu.

Na sanduku likaongea.

"... Mzee wa Mosocho, achia simu. Mzee, tafadhali achia. Nyangau. Mtu yeyote. Mzee, achia, ni Moraa. Ni damu. Mzee..."

Sauti ya Sista ilikuwa imekauka. Si sauti ya mtu aliyeanza kuita sasa hivi. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ameita mpaka haamini tena kwamba kuna masikio duniani.

Kabla sijabonyeza, Nyangau alijibu kutoka kwenye pikapu. "Nimesikia, Sista. Nakuja." Alikuwa hapo karibu, bonde moja tu, lakini Sista alikuwa peke yake na mgonjwa, hana wa kumtuma. Alikuwa hapo wakati wote. Baadaye aliniambia, "Mzee, nilikuwa nimeongeza sauti ili niisikie mvua vizuri."

Walimtoa Moraa, wakampitia Ombati shuleni, wakashika njia ya Kisii. Na nataka mjue habari ya ile njia. Miaka mingine yote, msimu ule, ni tope. Magari yanasukumwa, yanalala. Mwaka ule ilikuwa kavu kama kiganja. Ukame uliotumalizia mahindi ulikuwa umetutengenezea barabara. Ningepata kusema tope ndilo lililomuua. Hata tope halikuwepo.

Mtoto alizaliwa ndani ya pikapu, mikononi mwa Sista, kando ya barabara. Msichana. Alilia. Moraa alimwona. Walipofika Kisii, daktari alitoka akamwambia Ombati damu ilikuwa imekwenda nyingi. Alisema, "Mngefika mapema kidogo." Hakusema kwa ubaya. Hakujua anasema na nani, maana mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Ombati, nimetoka Mosocho na gari la kukodi.

Mtoto aliitwa Nyanchera. Kwetu ni jina la mtoto aliyezaliwa njiani. Ni jina zuri, wako wengi. Mimi kila nikiliita, nasikia lile sanduku.

Siku ya mazishi walinipa nafasi ya kusema. Mbele ya watu wote, Nyacheki, kwenye boma la mume wake. Nikasema, "Kidude cha simu kilikwama. Mitambo ni mitambo. Ni mapenzi ya Mungu." Wanawake wakalia. Wanaume wakanishika bega. Mchungaji akaniombea kwa jina.

Bhai alikuwa amekuja na mke wake, wamekaa nyuma. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mzee, mimi nasikia kuku yako siku ile. Mimi nacheka. Nasema, tazama, mzee nangoja mvua. Mimi nacheka, Mzee." Na machozi yanamtoka. Analilia kosa ambalo si lake. Na mimi nikamwacha alie. Ningesema neno moja nimpunguzie, sikulisema.

Kisha Sista Bosibori alimwita mke wangu kando. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia kwamba siku ile simu ya kliniki ilikuwa chumba cha pili, na mlango uko wazi. Kila alipoachia kidude ili asikie kama kuna anayemjibu, kilichosikika ni uwanja wetu. Upepo, na sauti ya mke wangu akiita kuku. Moraa alilala pale akasikiliza. Akasema, "Huyo ni mama." Akatabasamu.

Mke wangu alishukuru. Alisema ni vizuri, hakuwa peke yake. Mimi mpaka leo sijui kama niliambiwa kitu cha kunifariji au cha kunimaliza.

Watu walipokuwa wanakula, Ombati alinifuata mahali nilipokuwa nimekaa. Alikuwa na udongo kwenye viatu. Alisimama kama siku ile aliyokuja kwangu, mikono mbele.

"Baba," akasema, "nataka kuuliza kitu kimoja."

"Uliza, mwanangu."

"Mvua ilinyesha?"

Nilimwangalia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Nikasema, "Twende tukale, watu wanatungoja." Akasema, "Sawa, Baba." Adabu ile ile. Kwa mara ya pili nikamshinda kwa adabu yake.

Tuliporudi Mosocho, siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja mke wangu aliingia na kitu mkononi akakiweka mezani karibu na kikombe changu. Ule mpira wa tyubu. Alikuwa ameuokota chini ya ukingo wa mabati. "Baba Moraa," akasema, "hiki ni chako." Akatoka kwenda kuteka maji. Hajanitajia tena. Ananipikia, ananifulia, ananiombea kanisani nikisikia. Lakini jioni hakai tena na mimi.

Mvua ilikuja baadaye. Ilikuja mchana, bila radi, kubwa, ikapiga mabati mpaka huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Huko nje watu walikuwa wanaimba. Mimi nilikaa kando ya sanduku, nimeliwasha, nikingoja mtu atangaze. Karani aseme neno lake la mzaha. Bhai aseme mkebe umejaa. Kuna mtu alibonyeza. Nilisikia pumzi, na nyuma ya pumzi nikasikia mvua kwenye mabati ya kwake. Halafu akaachia. Hakuna aliyesema kitu. Mvua ile tuliyoingoja mwaka mzima haikutangazwa na mtu.

Nilichomoa waya. Sijaurudisha.

Sasa nyinyi mnaosoma, hasa nyinyi wazee wenzangu mliojitengeneza wenyewe kama mimi. Sitawafundisha mambo ya mitambo, kila mtu ana mtambo wake. Wengine ni mdomo tu. Unaongea kwenye kikao mpaka mtoto wako anakosa pa kuingizia neno. Unasema juu ya shamba lako, gari lako, ulivyoanza bila kitu, na kila mtu ameketi kimya, unafikiri wanakusikiliza. Huenda kuna mmoja kati yao anakuita. Hutamsikia. Umebonyeza. Sema neno lako, kisha achia, kisha ngoja. Nilifundishwa hayo siku ya kwanza na mtu ambaye Kiswahili chake nilikuwa nakicheka.

Na msimfungie mkwe mdomo kwa sababu ameoa kwenu. Na akina baba, hiyo heshima ya kutouliza, iwekeni, ni yetu, lakini tafuteni njia ya kuuliza. Tumeni mtu. Ulizeni juu ya mawingu kama mimi, lakini mngoje jibu.

Gazeti hili najua linafika kwenye chumba cha walimu kule Nyacheki. Ombati, ukilisoma, utajua ni mimi. Uliniuliza kitu kimoja nikakupeleka kwenye chakula. Kidude hakikukwama. Nilikifunga kwa mkono wangu, nikaenda kusimama nje.

Na haikunyesha, mwanangu. Hata tone.